Ulimi wa Ng'ombe kwenye Kibao cha Waziri

Nchi ninayotaka kuwasimulia haina jina. Ilikuwa nalo, ila Serikali yake ililichukua kwa matengenezo na halijarudi hadi leo. Basi msiniulize iko wapi. Nitawaambia tu kwamba ina mvua nzuri, watu wapole, na viongozi wanaotupenda mno, hata tukipiga kura ya kuwaacha wao hawatuachi.

Mkuu wa nchi hiyo, Mungu amzidishie usingizi, alisafiri ng'ambo kwenda kutibiwa kidole, akifuatana na watu wa kujaza ndege. Huko hospitalini aliwakuta wagonjwa wakicheza mpira wa meza. Akasimama, akatazama, akasahau kidole. Aliporudi alitutangazia redioni kwamba amegundua mfumo mpya wa utawala.

"Mmoja anapiga, mwenzake anarudisha," alisema. "Hakuna kelele, hakuna mawe, hakuna maandamano. Na katikati kuna wavu, ili kila mtu abaki kwake."

Muda si muda Bunge likafungwa, viti vikatolewa, meza ikaingizwa. Wabunge hawakulalamika. Walipewa kazi ya kuokota mipira, na wengi wao walisema ni mara ya kwanza kurudi nyumbani wakiwa wamechoka kwa sababu ya kazi.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi, hata mimi niliielewa. Mwananchi mwenye malalamiko dhidi ya Serikali asiandike, asiandamane, asinung'unike kwenye foleni. Aje na kibao chake, aseme anachoomba, acheze na Serikali. Wa kwanza kufikisha pointi kumi na moja ameshinda. Meza moja, mpira mmoja, mwamuzi mmoja wa Serikali. Mtu akitaka haki zaidi ya hiyo, huyo ana lake.

Mwanzoni, niseme kweli, Serikali ilishindwa. Seremala mmoja alijishindia barabara ya kijiji chake. Walimu wa shule fulani walijishindia paa. Mama mmoja muuza vitumbua alimchapa Waziri wa Fedha, akarudishiwa makarai yake yaliyokuwa yamebebwa na mgambo, na yalirudi yameoshwa. Hilo la kuoshwa sijalisahau. Huko ndani kwao kuna mtu mwema mahali fulani, na ninamwombea asigunduliwe.

Mkuu alikasirika sana. "Niliwaambia wacheze," akasema. "Nani aliwaambia washinde?"

Hapo ndipo ilipoundwa Wizara ya Mzunguko.

*

Waziri wa Mzunguko alikuwa Mheshimiwa Profesa Ngwandu. Uprofesa aliupata siku ya kuapishwa, pamoja na gari. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenda ziara ya mafunzo na wake zake wawili na shemeji zao, na kazi ya pili ilikuwa kurudi. Alirudi na raba.

Kwa wasioujua mchezo huu, kibao hubandikwa raba kila upande. Raba ya kawaida ni laini, inaushika mpira, na ukiuzungusha mpira unakwenda ukizunguka ulivyotaka wewe. Lakini raba ya Waziri ilikuwa na vinundu virefu vyembamba, vinavyolala huku na huku ukivigusa, kama ulimi wa ng'ombe. Nasi tukaiita hivyo hivyo, ulimi wa ng'ombe. Raba hiyo haina nguvu yake yenyewe. Inakula yako. Ukiupiga mpira kwa hasira, ukazunguka kwenda mbele, ulimi unaulamba tu na kukurudishia ukizunguka kinyume. Ukiugusa, unazama kwenye wavu kama andazi bichi. Na kadiri unavyopiga kwa nguvu, ndivyo unavyorudishiwa vibaya.

Upande wa pili wa kibao alibandika raba ya kawaida. Alipokuwa akicheza alikigeuzageuza kibao mkononi kama mtu anayegeuza chapati, usijue mpira umeguswa na upande upi. Nasikia katika mataifa mengine upande mmoja lazima uwe mwekundu na wa pili mweusi, ili mpinzani aone anapigwa na nini. Huo ni ustaarabu. Hata ukidanganywa, unaonyeshwa unakodanganyiwa. Mheshimiwa aliukataa ustaarabu huo kwa hotuba ndefu, na tukakusanywa uwanjani kuisikiliza.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Rangi mbili juu ya kibao kimoja ni mbegu ya mfarakano! Mababu zetu hawakupigania uhuru ili kibao kiwe na pande mbili zisizoelewana! Kuanzia leo, kibao cha Serikali kitakuwa na rangi moja pande zote, rangi ya zambarau, rangi ya umoja wetu. Pande hizo mbili ni sawa! Zinafanana! Na atakayethubutu kusema kwamba hazifanani, huyo analigawa taifa, nasi tutamgawa yeye!"

Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, maana nyuma yangu alisimama askari aliyekuwa akitazama mikono ya watu. Nilipochelewa kidogo alinigusa begani taratibu kunikumbusha. Angeweza kunigusa kwa rungu. Hayo ndiyo mambo madogo yanayoifanya nchi ikalike.

Tangu hapo Serikali haikushindwa tena. Na Mkuu, alipoona jinsi mpira unavyomrudia mtu kinyume, alifurahi kama mtoto aliyepewa filimbi, akaongeza kifungu kwenye sheria: atakayeshindwa na Serikali apewe kinyume cha alichoomba, kisha aende redioni kushukuru. Watu wa bondeni waliomba daraja. Wakashindwa, wakang'olewa hata lile la magogo walilokuwa nalo. Baba mmoja aliomba mwanawe atolewe rumande. Akashindwa, wakamchukua na mwanawe wa pili. Alishukuru redioni, na sauti aliyoshukuru nayo nikiikumbuka mpaka leo naacha ninachokifanya.

Mkitaka kujua kwa nini watu hawakucheza ovyo makusudi, hilo nalo lilikuwa na kifungu chake. Kosa hilo liliitwa kuudharau mpira, na mahali pake ni gerezani.

*

Zahanati ya kijijini kwetu ilikuwa na chumba kimoja cha kujifungulia. Kilikuwa na kitanda, pazia, beseni, na sakafu ya saruji iliyonyooka vizuri, kwa sababu mchanga wake tuliubeba wanawake wenyewe vichwani kutoka mtoni. Tuliubeba baada ya binti yangu kufia kwenye ukingo wa mto huo huo, akingoja kuvushwa kwenda hospitali iliyo upande wa pili. Alikufa akimzaa Siwema. Siwema nikamlea mimi, na sasa Siwema naye alikuwa mjamzito.

Mkunga wetu alikuwa Nesi Skolastika. Alikuwa na desturi ya kuipasha mikono yake moto kwenye jiko la mkaa kabla ya kumshika mzazi, asije akamshtua kwa baridi. Hakuna aliyemwagiza. Mshahara wake ulikuwa ukija mara moja moja, kama mgeni wa heshima.

Asubuhi uchungu ulipomshika Siwema, mimi na mumewe, Mashaka, tulimpeleka zahanati tukimshika huku na huku. Tukakuta lori mlangoni, na juu ya lori meza. Serikali ilikuwa imeamua kusogeza haki karibu na wananchi. Askari walikuwa wanapita kijijini wakiweka mpira sakafuni kwa kila nyumba, na kila mahali mpira ulikimbia. Walipouweka kwenye sakafu yetu, haukwenda popote.

"Hapa," wakasema.

Magari mengine yakafika nyuma ya lori. Lilikuwepo gari la redio, na mtangazaji wake akiwa amekwisha anza kufurahi. Alikuwepo mwamuzi, mtu mrefu mpole aitwaye Kibwana. Alikuwepo katibu wa Waziri, Bwana Lupogo, mwenye mvi, aliyedumu serikalini kwa kuinama kila alipotakiwa kuinama. Na alikuwepo Mheshimiwa mwenyewe, maana kituo kipya cha haki hufunguliwa kwa kumshinda mtu hewani. Aliposhuka garini alinikanyaga mguu. Alinikanyaga wa kushoto, ambao ndio mzima, nikamshukuru.

Nesi Skolastika akajitokeza mlangoni. "Mheshimiwa, humu kuna mama anataka kujifungua."

"Anataka," Waziri alisema. "Mtu akitaka kitu, hayo ni malalamiko. Mna malalamiko?"

"Tunayo."

"Vizuri sana! Meza ya kusikiliza malalamiko itakaa hapa, tukishakitoa kitanda."

"Malalamiko yetu ndiyo hayo, Mheshimiwa. Kitanda kisitolewe."

"Ndiyo maana tunakitoa, mama, tupate pa kukusikiliza."

Nesi akasema basi atacheza yeye. Waziri akacheka, akawageukia watu. "Mtumishi wa umma ni mkono wa Serikali. Mmeona wapi mkono ukampiga mwenye mkono?" Watu wakatazama chini. Wengi wetu tulikuwa tumeona, lakini haikuwa siku ya kusema.

Meza ikaingizwa, ikapangwa ubavuni mwa kitanda. Siwema akalazwa mkekani ukumbini, kwenye baraza nje ya mlango. Dereva wa lori, ambaye hata jina lake sikulijua, alivua koti lake, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha mjukuu wangu. Kisha akarudi kwenye lori akakaa kwa baridi.

*

Aliyecheza kwanza ni Mashaka. Ndiye aliyekuwa hodari kuliko vijana wote wa kwetu. Kibao chake alikichonga mwenyewe, raba alizikata kutoka kwenye ndala kuukuu na kuzigandisha kwa ulimbo.

"Unaomba nini?" Mwamuzi Kibwana akamuuliza.

"Chumba kibaki. Mke wangu azalie ndani kama watu."

"Haya, anzeni."

Masikini Mashaka alikuwa na haki, na mtu mwenye haki hupiga kwa nguvu. Kila sauti ya Siwema iliyotoka ukumbini ilimwongezea hasira, na kila hasira aliyoipeleka ng'ambo ya wavu, ulimi wa ng'ombe uliilamba ukamrudishia. Alipiga kama radi, mpira ukarudi kama usingizi. Akauvuta, ukazama. Akaunyanyua, ukaruka hadi dirishani. Waziri hakuwa akifanya kitu. Alisimama tu na kibao mbele ya tumbo, akikigeuza.

"Mheshimiwa anacheza kwa hekima!" mtangazaji alipiga kelele. "Mpinzani anajishinda mwenyewe, ndugu wasikilizaji, kama ilivyo kawaida ya wapinzani!"

Na zamu ya Waziri ya kuanzisha mpira ilipofika, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Koti lake lilishonwa na mikono mipana makusudi. Mpira uliingia nyuma ya mkono wa koti, na ulipotoka ulikuwa umeshafika kwako, hujui umeguswaje.

Mashaka alishindwa vibaya. Alikibwaga kibao sakafuni, ndala zikabanduka pande zote mbili, akakaa chini akajifunika uso.

"Kinyume kitekelezwe," Waziri akasema. "Aliomba chumba kibaki."

Askari wakakibeba kitanda hadi uani, na pazia, na beseni. Huku ukumbini Siwema alikuwa ameshika mkono wangu, ananiuliza, "Bibi, hivi mama naye alisikia hivi?" Nikamwambia, "Nyamaza mwanangu, vuta pumzi."

Waziri alikuwa ameshaingiza mguu mmoja garini. Sheria ilisema ndugu wa aliyeshindwa anaweza kukata rufaa, mradi Mheshimiwa hajaingiza wa pili. Nikanyanyuka, nikaita, "Rufaa!"

*

Mwamuzi Kibwana alinishika kiwiko kunipandisha kizingiti. "Taratibu, Bibi. Kibao unacho?"

Nikakiokota kile cha Mashaka. Kilikuwa mbao tupu.

"Na unaomba nini, Bibi yangu?"

"Naomba Serikali ikichukue chumba hiki, mwanangu," nikasema. "Na kitanda na pazia na beseni visirudi. Meza ikae hapa daima. Na Nesi ahamishwe aende mbali."

Nyuma yangu Mashaka akaruka. "Bibi! Umerogwa?"

"Njaa hiyo," mama mmoja alisema. "Mpeni uji."

"Si njaa, ni uzee," mwingine akasema. "Mama mkwe wangu alianza hivyo hivyo, akaishia kumsalimia mbuzi."

Katibu Lupogo alimsogelea Waziri, akamnong'oneza, lakini mimi nilikuwa karibu nikasikia. "Mheshimiwa, hicho anachoomba ndicho tunachokitaka. Mkubalie tu, tuondoke."

Waziri alimtazama kama mtu aliyetemewa mate. "Lupogo! Umezeekea serikalini, lini umeona Serikali ikamkubalia mwananchi? Leo ataomba tumnyang'anye, tukimkubalia, kesho ataomba nini? Tutakuwa Serikali ya kuombwa na kutoa? Mpira uko wapi?"

Tukaanza.

Sikuwahi kucheza mchezo huo maishani. Sijui kuzungusha mpira, na hasira zangu zilikwisha zamani, mtoni. Mpira ukija, niliuwekea ubao, tok, ukaenda. Nilikuwa naupigapiga kama unavyompigapiga mtoto mgongoni apate usingizi. Ulimi wa ng'ombe uliulamba mpira wangu ukakuta hauna chumvi. Haukuwa na mzunguko wa kugeuza, wala nguvu ya kula. Ulirudi kwangu ukining'inia hewani, mpole, nami nikaurudisha, tok.

Zile hila za koti hazikunisumbua. Macho yangu yana ukungu, na kwa koti au bila koti mimi huuona mpira ukishafika.

Sasa ikambidi Waziri apige yeye. Na ili apige alihitaji ile raba ya kawaida, inayoshika. Hapo ndipo nilipomwona ameanza kutoka jasho. Siku zote alikuwa akijua ameshika upande upi kwa kuona wanavyoanguka wenzake. Hasira yako ikizama wavuni, anajua ni ulimi. Kwangu mimi hakukuwa na kitu cha kuzama. Pande zote mbili ni zambarau, alama hairuhusiwi, na yeye amekigeuza kibao mpaka kimempotea mkononi mwake mwenyewe.

"Lupogo," akanong'ona. "Huu ni upande upi?"

"Upande wa umoja, Mheshimiwa," Katibu akajibu, maana redio ilikuwa hewani.

"Na ule mwingine?"

"Nao wa umoja."

Angeweza kuugusa kwa kidole gumba tu, akajua. Nilikiona kidole kikipanda taratibu pembeni ya kibao. Lakini kuugusa ni kukiri kwamba pande hazifanani, na aliyetangaza kwamba wasemao hivyo wagawanywe ni yeye. Mtangazaji alikuwa anatazama. Askari walikuwa wanatazama. Kidole kikashuka. Akabahatisha. Alivuta kwa nguvu zake zote akidhani ameshika raba, kumbe ni ulimi, mpira ukaanguka miguuni pake.

"Mheshimiwa ameupumzisha mpira!" mtangazaji akasema.

Akageuza, akasukuma taratibu akidhani ni ulimi, kumbe ni raba, mpira ukaruka hadi uani.

"Mheshimiwa ameupeleka mpira kule ambako adui hawezi kuufikia!"

Huko ukumbini Siwema alipiga yowe. Nikasikia Nesi Skolastika akimwambia, "Bado, mama, bado kidogo, usisukume." Nilitaka kumwambia Mheshimiwa hivyo hivyo, maana sasa alikuwa anasukuma kila kitu. Alisukuma wavuni. Alisukuma dirishani. Alimgonga mtangazaji, naye akasema ni heshima. Mimi nilibaki na tok yangu, naogopa hata kukohoa, nisije nikaambiwa naudharau mpira. Na hivyo, bila kupenda wala kuchukia, nilifikisha pointi kumi na moja, na Mheshimiwa alikuwa na chache za kuhesabu kwa mkono mmoja.

Wote tukamgeukia mwamuzi.

*

Nimeishi miaka mingi, nimeona wema wa kila namna, na siku zote nimeufurahia. Siku ile niliuona wema ukipanda usoni mwa Mwamuzi Kibwana, nikaogopa kama nimeona nyoka.

Alikuwa ananitazama. Macho yake yalikuwa yamelowa. Mtu yule alikuwa ametangaza ushindi wa Serikali tangu wizara ilipoanza, na sasa bibi kizee mwenye ubao mtupu amemshinda Waziri mbele yake. Nilimwona akijinyoosha. Nilimwona akiamua kwamba leo, liwalo na liwe, atasema kweli. Na kweli ilikuwa kwamba nimeshinda. Nikishinda, ninapewa nilichoomba, kitanda kinabaki uani, Nesi anahamishwa, na Siwema anazalia mkekani kwenye vumbi la magari. Mimi sikuwa nimeutegemea ushindi wangu. Nilitegemea kitu kimoja tu ambacho katika nchi ile hakijawahi kumwangusha mtu, nacho ni kwamba Serikali haikubali imeshindwa.

Nikamwomba Mungu amfunge kinywa mtu mwema. Sijawahi kuomba dua mbaya kama ile.

"Kwa mujibu wa sheria," Kibwana alianza, "Bibi ame..."

"Simama hapo hapo!" Waziri alipiga kelele.

Mungu amweke. Alizunguka meza, akaninyang'anya kibao, akakiinua juu.

"Tazameni! Hiki kibao hakina raba! Kiko uchi! Nawauliza, ndugu wananchi, kitu kisichoficha chochote kinaficha nini?"

Hakuna aliyeweza kujibu.

"Mnaona? Huu ni udanganyifu mkubwa kuliko wowote! Sisi tumezoea kucheza na watu wenye nia, huyu anatuletea mipira isiyotaka kitu! Pointi zake zote nazitaifisha. Serikali imeshinda!"

"Serikali imeshinda!" mtangazaji akarukia, na gari la redio likapiga wimbo wa ushindi, ambao ulikuwa umeshawekwa tayari tangu asubuhi.

Katibu Lupogo alikuwa amelikamata koti la Waziri kwa mikono miwili. "Mheshimiwa, ngoja kwanza. Aliyeshindwa..."

"Usinivute koti!"

"Sheria inasema aliyeshindwa..."

"Unanifundisha sheria? Aliyeshindwa apewe kinyume! Kinyume kitupu! Asipewe hata chembe ya alichoomba, leo hii, sasa hivi, na wasikilizaji wote wasikie!"

Askari wakasimama wima. Mkubwa wao akauliza kwa heshima, "Mheshimiwa, kinyume chake ni nini?"

Waziri alimwashiria Katibu aseme. Bwana Lupogo aliachia koti. Akainama kama alivyozoea, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma jina la marehemu, "Chumba kiachwe. Kitanda kirudi ndani. Pazia lirudi, na beseni. Meza itolewe. Nesi abaki."

Waziri alifungua kinywa. Alikitazama kipaza sauti, kilikuwa wazi. Alinitazama mimi. Ili akitoe kitanda kile ilimbidi aseme, nchi nzima ikisikia, kwamba ameshindwa na ajuza mwenye ubao. Kwa mara ya kwanza nilimwona akifikiri, na haikumpendeza. Kisha akaingia garini, miguu yote miwili, na wakati huu hakumkanyaga mtu.

*

Kitanda kilirudi ndani mbio mbio. Askari mmoja alikipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake kabla Siwema hajalazwa. Pazia likavutwa. Mimi sikuruhusiwa kuingia, kwa sababu nilikuwa nadaiwa shukrani. Mtangazaji akanisogezea kipaza sauti.

"Naishukuru Serikali kwa kunishinda," nikasema. "Naishukuru kwa moyo wangu wote. Nilipoomba, sikujua ninachoomba. Namshukuru Mheshimiwa Waziri, ambaye hajawahi kukosea, na namwombea asianze."

Mtangazaji alisema hajawahi kusikia shukrani zilizotoka ndani kiasi kile. Nilikuwa bado nashukuru mtoto alipolia nyuma ya pazia, kilio chembamba chenye hasira, kikaingia moja kwa moja kwenye kipaza sauti na kusikika nchi nzima.

"Mnasikia, ndugu wasikilizaji!" akasema. "Hata watoto wachanga wanashangilia!"

Mashaka alitoka akiwa analia na kucheka, akaniambia ni wa kike, na Siwema yuko salama, anaomba uji. Aliniambia pia kwamba angali hajaelewa nimefanya nini. Nikamwambia apeleke uji.

Magari yakaondoka, likabaki lori. Mwamuzi Kibwana alibaki kusaidia kuitoa meza. Akaja nilipokaa, akachuchumaa mbele yangu kama mtoto aliyevunja chungu.

"Bibi, nisamehe. Ulishinda. Mimi ndiye niliyehesabu."

"Najua, mwanangu."

"Kweli ilikuwa imeshafika hapa," akaonyesha koo lake. "Ningemaliza neno moja tu. Lakini kesho nakwenda mjini, nitalisema mbele ya wote. Wanifanye wanavyotaka. Mtu hawezi kuishi hivi mpaka anakufa."

Nilimshika mkono. Ulikuwa mkono mzuri, wa mtu aliyelelewa vizuri. Nikamwambia, "Usiseme kesho, baba. Wala keshokutwa. Siku utakayosema kweli, watarudi kukichukua kitanda."

Akageuza uso, akatazama pazia ambalo nyuma yake mtoto alikuwa amenyamaza, labda ameshapata ziwa. Nikaiona ile kweli ikipanda kwenye koo lake, ikasimama kidogo, ikashuka.

Nikamletea kikombe cha maji, imteremke vizuri.